Spika za rafu hazipendi rafu

Mama alipokuja Tabata kututembelea akitokea Tanga, hakumaliza hata kikombe cha chai kabla ya kuzitazama spika zangu mbili na kuuliza: "Mwanangu, mbona hivi vitu umeviacha uchi?" Nilikuwa nimevua vile vifuniko vya kitambaa vya mbele ili koni, zile sehemu zinazotikisika na kutoa sauti, zionekane. Kesho yake nikirudi kazini nikakuta kila spika imevalishwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua pembeni, kona moja ikining'inia mbele ya twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, kama ushungi. Juu ya spika ya kushoto palikuwa na chombo cha maua ya plastiki.

Sikusema kitu, yule ni mama. Ila siku mbili zilizofuata nilizitumia kutafuta spika iliyopasuka, maana kila besi likigonga kulikuwa na kitu kinakwaruza upande wa kushoto. Nilifungua skrubu, nikakagua koni kwa tochi, nikabadilisha waya. Kumbe ni ua.

Hata hivyo swali lake lilikuwa la haki. Spika ya sebuleni ni chombo cha muziki na ni samani pia. Anayeisikiliza kwa makini ni mmoja, labda saa moja kwa siku. Wanaoitazama ni nyumba nzima, kutwa. Ukitaka amani, lazima wote wapate haki yao. Miaka minne nimehangaika na jozi hii ya Wharfedale ndogo, na ninachoweza kukwambia ni kwamba karibu pesa yote niliyopoteza niliipoteza kwa kununua vitu, na karibu raha yote niliyoipata niliipata kwa kuhamisha vitu.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo lililoniponza. Spika za aina hii zinaitwa za rafu ya vitabu tangu enzi za Edgar Villchur na Henry Kloss, walioanzisha kampuni ya Acoustic Research kule Cambridge, Massachusetts, mwaka 1954. Kabla yao, ukitaka besi la kweli nyumbani ulihitaji boksi kubwa kama kabati la nguo. Villchur alifunga boksi dogo kabisa lisitoe hewa, ile hewa iliyonaswa ndani ikawa springi inayorudisha koni, na besi likatoka kwenye boksi linaloingia kwenye rafu. Boksi lile halikuwa na tundu, kwa hiyo halikuona tabu na rafu. Za siku hizi nyingi zina tundu, mara nyingi nyuma, na tundu hilo ni pua. Ukiisukuma spika mpaka ukutani ndani ya kabati la TV, umeiziba pua huku unataka iimbe.

Ndivyo nilivyofanya. Kabati letu la TV lina vyumba viwili pembeni, spika zikaingia humo kama njiwa tunduni, nikaona nimepata mpangilio wa gazeti. Sauti ilivuma. Mwimbaji wa kiume alikuwa kama anaimba ndani ya pipa. Nikaenda Kariakoo, muuzaji akanisikiliza vizuri sana, kisha akaniambia dawa ni kuongeza wati. Nikanunua amplifaya kubwa zaidi. Sasa nikawa na pipa kubwa zaidi.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu wati, kwa kuwa ndipo wengi tunapoibiwa. Ukiona boksi la sabufa limeandikwa 5000 PMPO, yaani eti wati za kilele, usilitilie maanani hata kidogo. Hiyo ni hesabu ya kufurahisha karatasi. Geuza mashine, soma nyuma inakula wati ngapi za umeme. Kama inakula 60, haiwezi kutoa 5000, wala 500, wala hata 60 zenyewe, maana nyingine zinaishia kuwa joto. Namba ya kuitafuta ni RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Kwenye spika tafuta desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 88 na ya desibeli 85 zinaonekana jirani, lakini ili hiyo ya 85 ifikie ukelele wa mwenzake inahitaji wati mara mbili. Kwa sebule ya kawaida, amplifaya ya wati 30 au 40 za kweli inatosha na kubaki.

Na kinachoua twita mara nyingi ni amplifaya ndogo iliyokamuliwa mpaka sauti ikaanza kuchanika. Yangu ya kulia iliungua siku ya sherehe ya mwanangu kumaliza darasa la saba. Shemeji mmoja alishika rimoti, mziki ukapanda mpaka ukaanza kukoroma, na mimi nilikuwa nje nageuza nyama. Sauti ikikoroma, shusha. Kama sherehe ni kubwa, kodi mziki wa sherehe.

Haya. Jumamosi moja mama watoto alikwenda sokoni na watoto, nikazitoa spika kabatini. Nilizipandisha juu ya viti viwili vya plastiki, nikachukua selotepu ya karatasi na futi ya fundi, nikaanza kuweka alama kwenye marumaru. Kazi hii ndiyo ningekuomba uifanye kabla hujatoa hata shilingi.

Sebule yetu ina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.5. Nilianza na spika zikiwa sentimita 25 kutoka ukutani: besi lilikuwa nene kama uji uliolala. Nikazivuta mpaka 85. Besi likanyauka; gitaa la besi likawa linasikika nusu, noti nyingine zipo, nyingine zimekwenda wapi sijui. Nilidhani nimeharibu kitu, mpaka nilipopiga hesabu. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 3.4. Likitoka kwenye spika likaenda nyuma sentimita 85 likagonga ukuta na kurudi sentimita 85, limechelewa nusu ya urefu wake, na linapokutana na lile linaloelekea kwako wanakuwa kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kila mtu upande wake. Hezi 100 ni mahali ambapo gitaa la besi na kifua cha mwimbaji wa kiume vinakaa. Kila umbali una noti yake inayoimeza, hilo hulikwepi. Unachotafuta ni umbali ambao hasara yake huisikii. Kwangu ulikuwa sentimita 52. Kwako utakuwa mwingine. Sogeza tano, rudi ukae, sikiliza wimbo uleule.

Chumba chenyewe nacho kina noti kinayoipenda. Gawanya 343 kwa upana uliozidishwa mara mbili: kwangu ni 343 kwa 7, jibu ni 49. Hezi 49 ndiyo G ya chini ya gitaa la besi, na kweli, mpiga besi akigusa G ile vioo vya dirisha vinaitikia. Kama chumba chako ni mraba, urefu na upana vinapenda noti moja, na utaisikia hasa. Dawa ya bei nafuu niliyoipata ni soksi. Soksi moja safi, ikunje, iingize kwenye tundu la nyuma bila kuikandamiza. Besi linapungua kidogo, na kilichobaki kinasikika vizuri zaidi. Mwanangu alipogundua soksi zake za shule zilikuwa zinapotelea wapi, kesi ilinielemea.

Jambo la kochi sikulitegemea. Sisi makochi tunayabandika ukutani, ndiyo desturi, na ukutani ndipo besi linaporundikana. Ukiegemeza kisogo ukutani unasikia besi ambalo halimo kwenye wimbo. Nikalivuta kochi kubwa sentimita 40. Mama watoto aliporudi akasimama mlangoni na kapu lake: "Baba nanihii, kochi limesusa?" Tukapatana kwamba kochi litasogea jioni na kurudi asubuhi, na makubaliano hayo yameshikwa siku nyingine, siku nyingine hayajashikwa.

Ukishapata umbali wa ukuta, tengeneza pembetatu. Kutoka spika moja hadi nyingine iwe sawa na kutoka kila spika hadi unapokaa. Kwangu ni mita 2 na kidogo kila upande. Zigeuze zikuelekee, lakini si lazima zikukodolee macho. Mimi nimezielekeza mahali fulani nyuma ya mabega yangu. Zikinitazama usoni kabisa matoazi yananichoma masikio. Zikitazama mbele tu, sauti inakwenda kugonga kuta za pembeni kwanza.

Kipimo nitakachokupa hapa hukihitaji kukinunua. Chukua rekodi ya zamani ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ya akina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au ya Mlimani Park. Nyingi za zama hizo zilirekodiwa kwa mono, yaani spika ya kulia na ya kushoto zinapewa kitu kilekile. Kaa katikati, fumba macho. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa, pale ambapo hakuna spika, kama mtu aliyeingia sebuleni kwa miguu yake. Akiwa amepinda upande, spika moja iko mbali zaidi au ukuta mmoja uko karibu zaidi. Akiwa hana mahali, amepaa tu na sauti nyembamba bila besi, basi umeunganisha waya za spika moja kinyume. Nyekundu iende kwenye nyekundu pande zote mbili, ni hivyo tu, lakini nimekuta nyumba tatu za rafiki zangu zimekosea, na mmoja ni fundi umeme. Ukiwa na shaka chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya rimoti ya volti 1.5 kwa nukta moja, chanya kwenye waya mwekundu: koni itaruka kuja nje. Ikiingia ndani, umepata mchawi.

Marumaru. Nyumba zetu za siku hizi ni marumaru chini, plasta pembeni, jipsamu juu, dirisha la alumini lenye pazia jepesi la kupitisha upepo. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio kama wa springi ya kitanda inayotetema, huo ndio unaokula maneno ya wimbo wako. Hakuna spika ya dola elfu mbili itakayoushinda. Sisi tulitandika zulia zito kati ya kochi na spika, tukarudisha mapazia mazito ambayo tuliyavua kwa ajili ya joto, na rafu ya vitabu ikahamia ukuta wa nyuma ya kochi. Vitabu vya ukubwa tofauti vinatawanya sauti vizuri sana. Ndiyo kazi ambayo rafu inaifanya vyema kuliko kubeba spika. Mkeka peke yake hausaidii sana, ni mwembamba. Mikeka miwili juu ya godoro la wageni, hiyo ni habari nyingine, lakini wageni walilalamika.

Wakati huu wote spika zilikuwa bado juu ya viti vya plastiki, na nyumba ilikuwa inaonekana kama kuna mkutano umeahirishwa. Hapo ndipo sura ilipodai haki yake.

Nilikwenda Keko. Kama unaishi Dar unajua: ukitaka mbao, unakwenda Keko, unabishana bei, unasubiri wiki mbili zaidi ya ulizoambiwa. Nilimpelekea mzee mmoja fundi mchoro wa stendi. Akauliza spika ina uzito gani, nikamwambia kilo sita. Akasema, "Kwa nini basi unataka stendi ya kubeba jeneza?" Nikamweleza kwamba stendi ikitikisika, spika inacheza, na besi linafifia. Akaelewa haraka kuliko muuzaji wangu wa Kariakoo. Tulifanya kitako na kichwa vya mninga, katikati skwea paipu iliyochomelewa jirani yake, na ndani ya paipu nikajaza mchanga. Mchanga usiutoe ufukweni, chumvi itaila paipu kwa ndani. Mimi nilitumia wa mto, nikauanika juani siku tatu. Sasa paipu ukiigonga inasema "du", haisemi "ngee".

Urefu usiunakili kwangu. Kaa kwenye kochi lako kama unavyokaa siku zote, yaani ukiwa umejilegeza, mtu akupimie kutoka sakafuni mpaka sikioni. Hapo ndipo twita inapotakiwa kufika. Makochi yetu yanazama. Mimi sikio lilikuwa kwenye sentimita 92, kwa hiyo stendi ikatoka fupi kuliko zile za dukani. Kati ya stendi na spika nimeweka vipande vinne vya kandambili iliyochakaa, vya ukubwa wa sanduku la kiberiti, rangi ya bluu ikiwa haionekani. Vinashika spika isiteleze na vinazuia mtetemo usishuke kwenye mbao. Rafiki yangu amenunua vya kuagiza, vya mpira maalumu. Tulibadilishana siku moja tukasikiliza, kisha tukazungumza mambo mengine.

Mninga ulifanya jambo ambalo maelezo yangu ya mawimbi hayakuweza. Mama watoto aliziona stendi zimepakwa vanishi isiyong'aa, waya umepita nyuma ya paipu na kufungwa kwa kamba nyeusi, akasema zibaki hapohapo zilipo, zisirudi kabatini. Waya ni ule wa kawaida wa duka la vifaa vya ujenzi, shaba tupu, wa milimita 1.5 za mraba. Kwa mita tatu unatosha kabisa. Jihadhari tu na ule mwekundu na mweusi ulio mwepesi ajabu mkononi: kwaruza kwa kisu, ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Kama huna nafasi na lazima zikae kwenye rafu, basi zisimamishe, usizilaze. Zikilala, kichwa chako kikisogea kidogo sauti za twita na za wufa, ile koni kubwa ya besi, hazikufikii pamoja tena. Zivute mbele mpaka uso wa spika uwe sawa na ukingo wa rafu, jaza vitabu pembeni ili kusiwe na pango, kandambili chini, soksi nyuma. Utapata asilimia kubwa ya raha.

Kuhusu kuzitunza, hali ya hewa ya pwani haina huruma. Boksi za bei yetu ni MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, iliyobandikwa karatasi ya plastiki yenye sura ya mbao. Maji yakipenya kwenye kona inavimba kama mkate kwenye chai na hairudi. Futa kwa kitambaa kikavu. Usipulizie dawa ya samani. Ya kushoto kwangu ilikuwa inapigwa na jua la jioni, na baada ya mwaka ikawa rangi ya chai ya maziwa huku mwenzake akiwa bado kahawa, ndiyo sababu sasa pazia hufungwa saa tisa. Na ukinunua zilizotumika, kabla ya kusikiliza gusa ule ukingo unaozunguka koni. Ukiwa wa mpira, vizuri. Ukiwa wa sponji, bonyeza taratibu. Sponji huoza yenyewe, na joto na unyevu wetu vinaiharakisha. Ikibaki unga kwenye kidole, punguza bei au ondoka. Mafundi wa kubandika sponji mpya wapo, lakini koni ikiwekwa upande milimita moja inakwaruza maisha yake yote.

Vifuniko vya kitambaa vimerudi mbele. Nina watoto wawili, na kile kibonyo cha katikati ya koni kinamwita mtoto kama kitufe cha lifti. Ninavivua usiku wakishalala, nasikiliza sahani mbili tatu za taarabu, ganuni na fidla za Culture Musical Club ya Zanzibar zikiwa zimejipanga kutoka kushoto hadi kulia kila mmoja kwenye kiti chake, kisha navirudisha.

Mama alikuja tena Desemba. Aliziangalia stendi, akapapasa mninga, akauliza bei, akaguna. Halafu akatoa kwenye begi vitambaa viwili vipya alivyovifuma mwenyewe, vidogo, vya kukaa juu tu bila kuning'inia. Nimesikiliza vikiwa juu na vikiwa havipo, usiku kucha, wimbo uleule: hakuna tofauti yoyote. Sijamwambia kwamba nilipima.